Mshale unaokimbia na abiria mwenye haraka

Ukitaka kujua kama michoro inayocheza, ile ya kuelekeza abiria kwenye skrini za vituo, inaeleweka, usiangalie skrini. Angalia watu. Nilifanya hivyo majuzi kwenye kituo kimoja hapa Dar es Salaam. Mchoro ulianza na mkono unaogusisha kadi kwenye mashine, geti likafunguka, kisha mishale ya kijani ikakimbilia upande wa kulia. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki alifika mishale ikiwa mbioni. Mkono hakuuona kabisa. Akafuata mishale hadi ukutani.

Mama hana kosa. Picha iliyotulia inakusubiri, lakini inayocheza ina mwanzo na mwisho, na abiria huikuta katikati.

Wanaoitetea michoro hii wana hoja nzito. Mwaka 2007 watafiti Höffler na Leutner walijumlisha matokeo ya tafiti 26, wakaona waliofundishwa kwa michoro inayocheza waliwapita waliopewa picha zilizotulia, hasa somo lilipokuwa kazi ya mikono. Hilo silipingi. Namna ya kusugua katikati ya vidole unaponawa mikono wakati wa kipindupindu ni tabu kuichora kwa picha moja, na asiyejua kusoma naye anaambulia kitu.

Ila mwaka 2002 mwanasaikolojia Barbara Tversky na wenzake walikwishaonya kwamba mara nyingi ushindi huo ulipatikana kwa kulinganisha na picha zilizokuwa na habari pungufu. Walisema pia mchoro uende kwa kasi ambayo mtazamaji anaweza kuifuata. Darasani unaweza kuurudia. Kivukoni, pantoni ikishang'oa, imeondoka.

Tena skrini ileile hupitisha matangazo ya soda na kubeti. Jicho lililozoea kupuuza vinavyometameta litajuaje kwamba safari hii ni maelekezo?

Daladala zetu zimetuelekeza miaka mingi kwa mstari wa rangi ubavuni na jina la njia, bila chochote kuchezacheza. (Anayecheza ni konda.) Kwa maswali ya wapi na saa ngapi, mimi naona tubaki hapo. Kwa namna ya kutumia kadi, hatua zote tatu zikae pamoja kwenye skrini, isogee moja tu kwa zamu.

Nilipoondoka, mlinzi alikuwa amesimama chini ya skrini ile, anawaelekeza watu kwa kidole.