Kreta ya Ngorongoro baada ya ng'ombe kutolewa

Kila mjadala wa Ngorongoro ukianza lazima atokee mtu aseme ng'ombe wanamaliza nyasi za wanyamapori, na watu wanaona imetosha. Hofu yenyewe naielewa. Hifadhi ilipoanzishwa 1959 wakazi walikuwa kama 8,000, leo wanatajwa karibu 100,000 na eneo ni lile lile, kwa hiyo anayesema mzigo umekuwa mkubwa hasemi uongo.

Ila jamani tuangalie ndani ya kreta yenyewe, lile bonde la volkano lililo ndani ya hifadhi, maana pale jambo hili lilishajaribiwa. Mwaka 1974 wafugaji wa Kimaasai walihamishwa kutoka chini kule, ng'ombe wakaondoka na moto wao ukaondoka pia, kwa sababu Wamaasai walikuwa wanachoma nyasi zilizokomaa ili zichipue upya. Mtu angesema sasa nyumbu watashiba. Haikuwa hivyo. Nyasi zikarefuka zikawa ngumu, mabua matupu, na nyumbu mdomo wake umeumbwa kwa nyasi fupi laini, akila mabua tumbo linajaa lakini mwili haupati kitu. Swala tomi ndo kabisa, kamwili kadogo, anadonoa kijani kimoja kimoja. Aliyefaidi ni nyati, tumbo kubwa, majani marefu magumu anayamudu. Kwa hiyo nyati ambao miaka ya 60 walikuwa wa kuhesabu wakafika maelfu, na nyumbu wakapungua karibu nusu.

Halafu kuna kupe, na hapa ndo naomba tukae kidogo. Shika bua refu uliangalie kwa karibu, utamkuta kupe kajishika kwenye ncha kabisa, miguu ya mbele kainyoosha hewani, anasubiri mnyama apite amdandie. Nyasi zikiwa fupi jua linamkausha, zikiwa ndefu chini kuna kivuli na unyevu, anazaliana anavyotaka. Ukame wa 2000 ulipokuja ukakuta wanyama wamedhoofu na kupe wamejaa, nyati zaidi ya 1,000 wakafa, na hata simba na faru wakafa, magonjwa ya kupe yakitajwa. Mwaka uliofuata wahifadhi wenyewe wakaanza kuchoma nyasi kwa mpango, yaani kazi ile ile waliyokuwa wanaifanya wafugaji waliohamishwa.

Na siyo moto tu. Kule Narok, Kenya, wataalamu walichimba maboma ya wafugaji wa kale, mengine yana zaidi ya miaka 3,000, wakakuta samadi ya ng'ombe wale bado imo kwenye udongo, na nyasi za pale mpaka leo ni tamu kuliko za pembeni, wanyamapori wanazifuata.

Najua nitajibiwa kwamba ukame ule ungeua tu hata ng'ombe wangekuwepo. Inawezekana, mvua ikikatika mifugo nayo inakufa. Na kuna jibu zito zaidi, Laikipia, huko huko Kenya, watafiti wametenga viwanja vya majaribio tangu 1995, vingine vina ng'ombe peke yao, vingine wanachanganyika na wanyamapori, na imeonekana kiangazi wanagombania chakula kweli, ng'ombe anakonda akila pamoja na pundamilia. Lakini masika mambo yanageuka, pundamilia anaondoa mabua ya juu, ng'ombe anapata majani ya chini na ananenepa kuliko akiwa peke yake. Kwa hiyo ukiniambia Septemba ng'ombe wasishuke kretani, vumbi linatimka na nyumbu wanahangaika, nitakubaliana na wewe. Ukiniambia hivyo hivyo mwezi Aprili, nyasi ziko kiunoni na kupe wananing'inia kwenye kila ncha, hapo nitakuomba unionyeshe ni mnyama gani unayemsaidia.