Miti kati ya mahindi: faida ni ya nani, na kwenye shamba la ukubwa gani?

Tangu mvua ya Aprili na Mei 2024 ilipofurika mashamba ya Nyando na Ahero, hoja moja imerudi kwa nguvu katika mabaraza ya huku magharibi mwa Kenya: mkulima apande miti ndani ya shamba ili mimea yake istahimili jua kali na mvua ya gharika. Serikali nayo ina lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa siku nzima ya mapumziko ili tupande. Hoja yenyewe naikubali, ila mahesabu ya wanaoihubiri yananitatiza. Wao huhesabu miche. Mahindi hayajali idadi ya miche. Yanajali ni mti gani, umesimama wapi, na kama kuna mtu anayepanda juu yake na panga kupunguza matawi.

Upande wa faida una ushahidi wa kutosha. Joto likizidi nyuzi 35 wakati mahindi yanatoa mbelewele, chavua huanza kufa, na ndiyo sababu unamenya hindi ukakuta mapengo badala ya punje. Kivuli chepesi hupunguza joto hilo na kuzuia udongo usikauke haraka. Majani yanayoanguka huoza yakawa mboji, mboji hushika maji, na mahindi huvumilia wiki mbili tatu za kiangazi cha katikati ya msimu, kile ambacho siku hizi kinakuja bila kubisha hodi. Miti ya jamii ya kunde kama kaliandra na sesbania huongeza naitrojeni ardhini. Kwenye miteremko, safu ya kaliandra na mabingobingo juu ya tuta la kinga maji (fanya juu) hupunguza kasi ya maji. Anayedhani hilo ni jambo dogo aende Nyakach, kaunti ya Kisumu, alitazame korongo la Katuk Odeyo lilivyomeza ardhi ya watu.

Lakini nenda pia Luanda au Emuhaya, kaunti ya Vihiga, mwezi wa Juni, usimame kwenye mpaka wenye safu ya grevilea iliyoachwa bila kupogolewa. Mistari miwili mitatu ya mahindi iliyo karibu na miti ni mifupi, majani yamegeuka manjano, na mahindi yake hayafiki hata mkebe mmoja wa gorogoro. Ukisogea ndani kidogo, yanakuzidi kimo. Mti unanyang'anyana na mahindi maji, mbolea na mwanga, na mahindi ni mmea unaopenda jua. Mara nyingi anayeumia si aliyepanda: mwenye mti anavuna mbao, jirani anavuna kivuli. Kesi za namna hiyo zinajaza meza za wazee wa mitaa.

Hapo ndipo ukubwa wa shamba unapoingia. Kanuni za kilimo za mwaka 2009 zinamtaka kila mwenye shamba aweke asilimia 10 ya ardhi yake chini ya miti. Kwa mwenye ekari 50 Trans Nzoia, hiyo ni ekari tano, tena zinamkingia upepo unaolaza mahindi. Lakini Vihiga, kwa sensa ya 2019, ina zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba, na wengi wanalima nusu ekari au chini. Asilimia 10 ya nusu ekari ni kama mita 200 za mraba, na hicho ndicho kipande cha sukumawiki na maharagwe ya nyumba nzima. Kumwambia mtu huyo "panda miti" na kuishia hapo ni kumtwika hasara ya leo kwa ahadi ya miaka kumi ijayo.

Tena huku magharibi somo hili si jipya. Miaka ya 1990 watafiti waliokuwa Maseno walisambaza Siaya na Vihiga mbinu ya kupumzisha shamba kwa sesbania na tefrosia: unaacha mahindi msimu mmoja au zaidi, miti inarudisha rutuba na kupunguza kayongo (gugu la striga linalonyonya mahindi), kisha unalima tena. Mavuno yaliyofuata yalipanda, mara nyingine maradufu. Hata hivyo wengi waliiacha. Msimu bila mahindi ni msimu wa kununua unga, na wapo waliopanda ili wauzie miradi mbegu za miti hiyo. Soko la mbegu lilipokufa, miti nayo ikang'olewa. Sioni uvivu hapo. Waliofanya hesabu hiyo walijua kuhesabu.

Watetezi wa miti wana jibu ambalo kwangu lina uzito kuliko habari zote za kivuli. Utafiti uliofanywa bonde la Nyando na kuchapishwa 2012 ulionyesha kwamba kilimo mseto na miti husaidia kaya kwa kuinua mavuno na kipato kwa jumla. Kwa lugha ya kwetu: mahindi yakishindwa, kuna boriti za kuuza, kuni za kupikia, matunda, na majani ya kumpa ng'ombe. Kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra hufanya kazi ya kilo moja ya chakula cha dukani kwa ng'ombe wa maziwa. Mti basi unaweza usiokoe mahindi ya mwaka huu, lakini ukamlipia mtoto karo yale mahindi yakikauka.

Swali linalofuata ni nani anashika hizo pesa. Katika sehemu za Kakamega, mila ilimkataza mwanamke kupanda mti, kwa kuwa kupanda mti ni kudai ardhi. Miradi ya kuni ya miaka ya 1980 iliikwepa mila hiyo kwa kuleta kaliandra: kichaka si mti, kwa hiyo mama akapanda bila kumgusa mtu heshima. Ulikuwa ujanja mzuri. Lakini miti ya mbao kama siala na grevilea ilibaki ya baba, na yeye ndiye anayeamua iuzwe lini, ilhali kupalilia yale mahindi yaliyodumaa kivulini ni kazi ya mama.

Kwa hiyo ningegawa ushauri kulingana na mahali. Nyakach na miteremko ya Nyando, miti kwenye makinga maji haina mjadala, hata ikipunguza mistari kadhaa ya mahindi, maana udongo ukienda hakuna cha kujadili. Vihiga, kaliandra kwenye kingo za matuta, ikatwe mara kwa mara kwa ajili ya ng'ombe; grevilea chache mpakani, kwa makubaliano na jirani, zipogolewe kila mwaka kabla ya mvua ndefu, na mtaro uchimbwe kukata mizizi ya juujuu. Kaunti ikigawa miche, itume pia mtu wa kufundisha kupogoa, kazi ambayo haina picha nzuri za gazeti. Kuhusu mkaratusi, ambao wengi wanaupanda kwa tamaa ya nguzo za stima, marehemu John Michuki akiwa waziri wa mazingira aliamuru mwaka 2009 ung'olewe karibu na vyanzo vya maji, na hakukosea. Mkaratusi unahitaji shamba lake peke yake, mbali na kijito, na mwenye nusu ekari hana shamba la kuupa.