Château Rouge: vyote vipo, ila pa kupita

Ukitaka kuhesabu mbavu zako bila eksirei, shuka stesheni ya Château Rouge, Paris, Jumamosi saa tisa alasiri. Treni za laini ya 4 siku hizi zinajiendesha zenyewe, kwa hiyo hata dereva wa kumlaumu hayupo. Milango ikifunguka hutoki, unatolewa. Nyuma yako kuna mama mwenye kitoroli cha magurudumu mawili kinachokukanyaga visigino. Mbele yako kuna mwenzake, naye na kitoroli chake, kasimama katikati ya ngazi anaongea Kibambara kwenye simu kwa sauti ambayo Bamako wangeisikia hata bila simu. Wewe uko kati na shangazi kaja lako tupu. Na ulichokuwa unataka ni muhogo tu. Muhogo!

Shukuru hukukosea kituo. Kuna Château Rouge na kuna Château d'Eau, vyote laini ya 4, vyote Waafrika tele, na vimeachana vituo vinne. Ukishuka Château d'Eau umeangukia kwenye nywele: vijana wanakuzingira mlangoni mwa metro wakuvute saluni ukasukwe, hata kama una kipara. Muhogo hamna. Ukirudi chini unalipa upya, maana tiketi ya metro ukishatoka nje ya mageti imekufa, hata kama umekaa nje dakika mbili. Mwaka 2025 tiketi moja ilifika yuro 2.50. Na uwe nayo mpaka utoke, kwa sababu wakaguzi hupenda kusimama kwenye kona ya mwisho, pale ambapo ukiwaona nao wamekwisha kukuona.

Ukitokeza juu, mkono unanyooshwa na kikaratasi kidogo. Profesa fulani, mganga mkubwa, mjukuu wa waganga: anarudisha mpenzi, anafaulisha mtihani wa leseni ya udereva, anavunja husuda, malipo baada ya matokeo. Aliyezoea mabango ya waganga kwenye nguzo za umeme za Dar hatashangaa. Soma orodha yote mpaka chini: hakuna anayeahidi kukupatia chumba cha kupanga Paris. Hata majini yana mipaka.

Mtaa wenyewe unaitwa Goutte d'Or, uko wilaya ya 18, umebanwa kati ya boulevard Barbès, boulevard de la Chapelle na reli za Gare du Nord. Wilaya hiyo ina zaidi ya watu 30,000 katika kila kilomita moja ya mraba, na hao ni wanaolala hapo. Wanaokuja toka vitongoji vya mbali kununua bamia na kitenge hawamo kwenye hesabu, ila kwenye mguu wako wamo. Msenegali, Mmali, Mkabilia wa Algeria, Mkongo, Mtamili wa upande wa La Chapelle, na Mfaransa aliyenunua nyumba juzi na sasa analalamikia kelele. Kiswahili usikitegemee sana. Wakongo wengi utakaowasikia ni wa Lingala. Wa Goma na Bukavu wapo, nao utawajua utakapokanyagwa na mtu akasema pole.

Haya, soko. Rue Dejean ni kijimtaa kifupi kisichopitisha magari: mabucha, wauza samaki, na mbele yao watu wamesimama kana kwamba wanangoja matokeo ya uchaguzi. Sangara wetu yupo, wao humwita perche du Nil. Kaja kwa ndege toka Ziwa Victoria, minofu mitupu, mapanki kayaacha Mwanza, na karatasi zake zimekamilika: cheti cha afya, namba ya shehena, nchi alikovuliwa. Mtaa huu una watu wanaotafuta karatasi miaka nenda miaka rudi, na sangara kazipata kabla hajapanda ndege.

Ukitaka samaki mzima, sema mapema: écaillé, vidé, coupé. Aparwe magamba, atolewe matumbo, akatwe vipande. Kwa kawaida kazi hiyo hailipiwi, lakini iseme kabla samaki hajapimwa na kufungwa, kwani akishafungwa umegeuka adui wa foleni nzima. Usijidanganye kwamba utamparua nyumbani. Nyumbani ni chumba kimoja, na magamba ya sato yanaruka mita mbili. Mita mbili kutoka kwenye sinki ni mto wako wa kulalia.

Muhogo mwingi unatoka Costa Rica, umepakwa nta unang'aa. Nta si urembo. Muhogo ukichimbwa, hewa ikiupata, ndani ya siku mbili tatu unaanza kuchora mistari ya buluu na nyeusi, na nta ndiyo inayozuia hewa. Kwa hiyo usinunue uliochubuka. Tazama ncha iliyokatwa: iwe nyeupe na kavu. Muuzaji mwungwana atakuvunjia mmoja uone. Asiye mwungwana atakuita tonton, yaani mjomba, atakusifu koti, na mkono wake wa nyuma utakuwa unajaza mfuko.

Tukija kwenye unga, hapo ndipo ndoa huvunjika. Mtu anaingia duka la kwanza, anaona unga wa mahindi, anabeba kilo tano. Kumbe kachukua semolina ya manjano, chenga tupu. Hiyo inataka dakika 30 au 40 motoni, na ukimaliza ni uji wenye mchanga. Mwingine anachukua unga wa Amerika ya Kilatini, wa mahindi yaliyokwisha kupikwa. Huo ukiumwaga kwenye maji yanayochemka unashikana hapohapo, unapata madonge yenye unga mkavu katikati, kwa kuwa wanga wake ulishaiva kiwandani na kazi yake ni kunyonya maji tu. Wa tatu anabeba boksi lililoandikwa foufou, halisomi kwa nyuma, anasonga, anapata gundi: ndani mlikuwa na viazi. Sema farine de maïs blanc, yaani unga wa mahindi meupe, laini, kisha sugua kidogo kati ya vidole kabla ya kulipa. Dagaa waliokaushwa ulizia kwa Wakongo, kwao ni ndakala. Kisamvu kiombe kwa jina la saka-saka au pondu, kipo kimetwangwa na kugandishwa. Kinunue hivyohivyo, wala usilete ushujaa wa kinu na mchi. Sababu utaiona ukifika ghorofani.

Kama ni Jumatano au Jumamosi, soko la Barbès lipo asubuhi chini ya reli ya juu ya laini ya 2. Nenda kuelekea mwisho, wanapofunga: bei inaporomoka, sanduku zima la nyanya kwa bei ya kilo mbili. Lipindue kwanza. Nyanya za juu zimepangwa na msanii, za chini zimeshaanza kuwa supu. Na begi lako liwe kifuani. Pale mlangoni pa metro ya Barbès vijana wauza sigara wanaimba Marlboro, Marlboro, bila kupumzika, na wakati wewe unashangaa wimbo, simu yako inahamia mtaa mwingine. Zamani watu walikuwa na Tati, lile duka la nguo za bei poa lililofunguliwa mwaka 1948, mifuko yake ya vidrafti vya waridi ikafika hadi vijijini Afrika Magharibi. Lilifungwa mwaka 2021. Sasa ukitaka chupi ya bei nafuu unazunguka mtaa mzima na samaki mkononi.

Sasa pandisha mzigo. Majengo mengi ya hapa ni ya karne ya 19, na lifti kwa wengi ni habari ya kwenye sinema. Wakikwambia ghorofa ya sita, kumbuka Wafaransa wanaanza kuhesabu kutoka sifuri, kwa hiyo ni ya saba. Kila ghorofa vidato kama kumi na saba, jumla mia na ushee. Taa ya ngazi ina kipima muda. Ukibonyeza chini inawaka dakika mbili au tatu, muda aliokadiria fundi asiyewahi kubeba mchele kilo kumi. Inazimika ukiwa ghorofa ya nne. Papasa ukutani, kile kidoa chekundu kinachong'aa ndicho kitufe. Kama haking'ai, huo ni mlango wa jirani na umeshamgongea kengele.

Chumba chenyewe kina sheria yake: angalau mita 9 za mraba na kimo cha mita 2.20, au la, mita 20 za ujazo. Maana yake dari likiwa juu sana, sakafu inaruhusiwa kupungua, ukalale wima. Kwenye vyumba vya paa, sehemu ambayo dari halifiki mita 1.80 haihesabiwi kabisa, ni ya kuotea manundu. Hata hivyo ili upewe tundu hilo unaulizwa stakabadhi tatu za mshahara, mkataba wa kazi, taarifa ya kodi ya mapato, kipato mara tatu ya pango, na mdhamini ambaye naye awe nazo zote.

Tangu Julai 2019 pango la Paris lina ukomo, lakini wenye nyumba wana kitu kinaitwa complément de loyer, nyongeza kwa sifa za pekee. Utaambiwa dirisha linaona kanisa la Sacré-Cœur. Linaliona kweli, ukisimama juu ya choo. Usilie, soma sheria ya Agosti 2022: nyongeza hairuhusiwi kama choo kiko nje kwenye ukumbi wa ngazi, kama ukuta una unyevu, kama nyumba ina daraja la F au G la nishati, yale ya chini kabisa, au kama jirani yuko chini ya mita kumi dirisha kwa dirisha. Huku jirani akipiga chafya unamwambia afya bila kupaza sauti. Ila uliyesaini una miezi mitatu tu ya kupinga mbele ya kamati ya usuluhishi, kwa hiyo usingoje mpaka upate hasira za kutosha.

Umeme nao. Vyumba hivi vingi vina mkataba wa kVA 3, yaani wati 3,000 hivi. Hita ya ukutani inakula 1,500, birika la umeme 2,000. Jumlisha. Mita ya kisasa, ile ya rangi ya kijani cha ndimu, haibembelezi, inakata. Zima kwanza kimojawapo, kisha shikilia kitufe cha + sekunde chache, umeme unarudi. Ukisahau kuzima, unarudi na kuondoka, unarudi na kuondoka, nawe umesimama gizani na mwiko. Wakati wa baridi chagua: kusonga ugali au kupata joto.

Na chumba kikiwa na choo chake usishangilie mapema. Nyumba nyingi za zamani bomba kubwa la sentimita 10 halifiki kila chumba, kwa hiyo hufungwa choo cha kusaga: kisanduku cheupe nyuma ya bakuli, ndani kina visu na pampu, kinasaga na kusukuma kila kitu kupitia kibomba cha milimita 32. Kikiamka saa nane usiku, ghorofa nzima inajua umekula nini. Vitambaa vya kujipangusia, pamba, pedi, nywele: hapana. Vinajizungusha kwenye visu, mota inavuma bila kusaga, maji yanapanda, na wewe ndiwe utakayefungua kile kisanduku kwa mikono yako. Chomoa waya ukutani kwanza! Na ukumbuke kinatumia umeme: mita ikikata, choo nacho kimefungwa. Birika la chai limekunyima choo. Nchi yenye nguvu za nyuklia.

Tuliongelea kinu. Sakafu hizi ni mbao juu ya boriti za mbao, mchi ukigonga mara moja, wa chini anahisi mara tatu. Kelele za usiku ni faini ya yuro 68, na yule Mfaransa wa juzi namba ya polisi anayo kichwani. Kama lazima utwange, twanga mchana, weka blanketi lililokunjwa mara nne chini ya kinu, na mpelekee wa chini sahani. Sahani ya chakula imezuia polisi wengi kuliko blanketi.

Umebaki na takataka. Kifuniko cha njano ni cha makopo, karatasi na plastiki, cheupe ni cha chupa, kijani kwa mengineyo. Chupa usizimwage usiku, unajua kwa nini. Vitu vikubwa, mfano kabati bovu, ukivitelekeza barabarani faini ni yuro 135. Piga 3975, simu ya jiji, au tumia tovuti yake, ni bure: unapewa namba na saa ya kutoa, namba unaiandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya kabati. Unalishusha vidato mia, unaliegemeza ukutani, unapanda kunywa maji. Ukichungulia dirishani kabati limeshapata mwenyewe, maana Goutte d'Or hakuna kilicho kibovu mpaka wote wamekikataa. Mahali pake kuna godoro la mtu mwingine, lina madoa ya ramani, na namba yako imebandikwa katikati. Lori linakuja, linatafuta kabati, linaona godoro, linaondoka. Haya, piga tena 3975, useme kabati lako limegeuka godoro.