Shangazi Hakuwepo Jangwani

Juzi grupu letu la ukoo lilipata video: maji yamefurika barabarani, magari yanaelea, mtu analia kwa mbali. Juu yake imeandikwa "JANGWANI SASA HIVI, MUNGU TUSAIDIE," yaani Jangwani ya hapa Dar. Muda si muda mjomba kapiga simu kutoka Morogoro anatetemeka, binamu kaahirisha safari. Hakuna aliyeona kwamba magari yale usukani uko kushoto na yamejipanga upande wa kulia wa barabara. Jamani, tangu lini Dar tunaendesha kulia?

Nikauliza imetoka wapi. Jibu: "Katuma shangazi." Kesi imefungwa.

Msiniletee habari za elimu ndogo. Grupu lile lina mwalimu, mhasibu na nesi. Nesi huyohuyo akienda Kariakoo kununua simu ya mtumba ataigeuzageuza, atajaribu chaji, atadai risiti. Habari anaimeza nzimanzima kwa sababu aliyeileta ni mtu wa heshima zake. Na shangazi kweli ni mtu mwema, hana tabia ya uongo, ila hakuwepo Jangwani. Yeye ni bodaboda tu, kabeba mzigo aliopewa kwenye grupu la kwaya, na huko nako uliletwa na mwingine. Mwenye mzigo hatumjui, wala hatumuulizii. WhatsApp wenyewe huweka mishale miwili kwenye ujumbe uliokwisha kupokezanwa mara tano au zaidi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo huwezi kuutuma kwa zaidi ya mtu au grupu moja kwa mpigo. Sisi ile mishale tunaiona kama muhuri wa serikali.

Haya, nakubali kwa shingo upande: simu hazikutufundisha ujinga huu. Mwaka 2011 nchi nzima ilihamia Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wagonjwa walitolewa wodini, wengine wakafia kwenye foleni. Magazeti yalishangilia, wakubwa wakapigwa picha wakinywa. Ukiuliza nani kapimwa kabla na baada, unaambiwa huna imani. Ushahidi ulikuwa uleule: fulani naye kanywa.

Zile sauti za "daktari bingwa" asiye na jina sizigusi leo, presha itapanda.

Sikuombi uwe mpelelezi. Simamisha video, tazama namba za magari na vibao vya maduka. Ukisikia Jangwani kumefurika, mpigie unayemjua anayekaa Magomeni, atakwambia kama ana matope mlangoni.

Na ninyi wa "nimetuma kama nilivyopokea", kuanzia leo wekeni jina kamili chini ya ujumbe: mimi fulani binti fulani nathibitisha haya ni kweli. Tuone nani ataendelea kutuma.