Tiba mtandao kwa mtoto mwenye usonji: kipi kipite kwenye simu, kipi kisipite

Mpwa wangu ana miaka 5, ana usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna ya kuwasiliana na kuhusiana na watu, na bado hajaanza kusema. Anakaa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Siku ya kliniki dada yangu humwamsha saa kumi alfajiri, wapande daladala hadi Gongo la Mboto, waunganishe jingine la kwenda mjini. Honi zikizidi, mtoto anaziba masikio na kupiga mayowe. Abiria mmoja atasema kadekezwa, mwingine atamwelekeza mama kwa shehe wa kumsomea. Wanafika mtoto yuko hoi, anagaragara sakafuni, na mtaalamu ana dakika 20 za kumtazama mtoto ambaye kwa wakati ule simtambui hata mimi.

Kwa hiyo hoja ya tiba mtandao, yaani familia kuhudumiwa kwa simu ikiwa nyumbani kwake, ilinigusa kama mjomba kabla sijakaa kuichambua.

Wanaoiunga mkono wana hoja nzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728. Tukikopa kiwango hicho kwa makisio tu, tunazungumzia watu wapatao 42,000 katika jiji hili. Wataalamu wa mazoezi ya kuongea na wa tiba kwa vitendo, yaani wanaomzoesha mtoto shughuli za kila siku kama kula na kuvaa, ni wachache mno kwa idadi hiyo, na mzazi wa Kivule au Chamazi akiwatafuta huishia kuelekezwa Upanga au Msasani.

Ushahidi nao upo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walitoa matokeo ya kulinganisha njia 3: mtaalamu kwenda nyumbani kwa mtoto, mzazi kuelekezwa kwa video akiwa kliniki ya jirani, na mzazi kuelekezwa kwa video akiwa nyumbani. Tabia za kujiumiza, kupiga na kuharibu vitu zilipungua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 90 katika makundi yote, na njia ya video nyumbani ndiyo iliyokuwa na gharama ndogo kuliko zote.

Ukiangalia vizuri, aliyekuwa akifundishwa pale ni mzazi. Mtoto mdogo hatulii mbele ya kioo cha simu, na hakuna aliyemtaka atulie. Hata mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, ambayo yalipata toleo la mtandaoni mwaka 2022, yamejengwa juu ya mlezi: namna ya kuingia kwenye mchezo wa mtoto, kumsubiri, kumpa sababu ya kuwasiliana.

Niliyaona hayo kwa macho. Dada alisimamisha simu juu ya ndoo iliyofunikwa, ikiegemea ukuta. Mpwa wangu alikuwa anapanga vizibo vya soda mstari mmoja kuanzia mlangoni. Sauti ya mtaalamu ikasema, "Mama, shika vizibo viwili mkononi. Usimpe. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo." Alipofika saba, mtoto alimshika kidole cha shahada na kukivuta. Kwa mgeni ni jambo dogo. Dada yangu alikuwa hajawahi kuombwa kitu na mwanawe bila kilio.

Sasa wanaosita, na mimi nasita pamoja nao kwa mambo kadhaa.

Kubwa kuliko yote ni utambuzi. Mtoto asiyesema lazima apimwe masikio kwanza, maana kiziwi naye haitiki akiitwa jina. Kipimo hicho hakipiti kwenye simu. Kifafa nacho huandamana na usonji mara nyingi kuliko kwa watoto wengine, na kinahitaji daktari wa kumshika na kumchunguza mtoto. Ni kweli zipo zana za kumtathmini mtoto kwa video. TELE-ASD-PEDS ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, kwa watoto wa miezi 14 hadi 36, ilipata watumiaji wengi wakati wa Uviko, na mtaalamu anayeiongoza huwa amebobea. Lakini mzazi wa Chanika akipewa jibu la "ni usonji" kwa simu peke yake, halafu ije kugundulika miaka 3 baadaye kwamba mtoto hakuwa anasikia, nani atamrudishia miaka hiyo?

Kisha kuna nyumba zetu. Chumba kimoja cha kupanga, uwanja mmoja, familia sita. Mtaalamu akimuuliza mama kama mtoto bado anajisaidia ovyo, wanasikia wote wanaochambua mchicha nje. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda kumbukumbu zilizo mikononi mwa kliniki, ila ukuta mwembamba haina la kuufanya. Na bando: nusu saa ya video hula mamia ya MB, na mtandao ukikata katikati, mtoto aliyeanza kutulia anaharibikiwa siku nzima.

Hofu ya mwisho ni ya kisiasa. Ni rahisi sana kwa mpangaji wa bajeti kusema Chanika tayari ina huduma, kwa sababu ina mnara wa simu.

Msimamo wangu ni huu. Utambuzi ubaki kliniki, ana kwa ana, masikio yakiwa yamepimwa, hata kama ni safari moja ya taabu. Ufuatiliaji uhamie kwenye simu, tena si lazima kwa video ya moja kwa moja. Mama arekodi sekunde 30 pale jambo linapotokea, atume, mtaalamu ajibu kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili cha nyumbani, mama ausikilize usiku watoto wamelala, tena kwa spika za masikioni. Bando linahimili, jirani hasikii, na mtoto anaonekana alivyo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye tayari anapita nyumba kwa nyumba, afundishwe kuingia mara moja kwa mwezi, kwani hata yale mafunzo ya Shirika la Afya Duniani, katika muundo wake wa ana kwa ana, yana ziara 3 za nyumbani juu ya vikao 9 vya kikundi. Na nauli ambayo kliniki inaiokoa kwa kutomtuma mtaalamu Chanika irudi kwa mama kama bando.

Juzi dada alinitumia kipande kingine. Sekunde 19. Mtoto anavuta kidole, kisha anainua uso na kumtazama mama. Jibu la mtaalamu lilikuja jioni: "Hapo hapo. Kesho msubiri kidogo zaidi."