Punguzo Lisilohitaji Mjomba

Jana usiku nimelala Jambo House. Si Arusha, ni huku Florida, Marekani, karibu na Orlando: jengo la Animal Kingdom Lodge, hoteli ya Disney iliyofunguliwa 2001. Jengo la jirani linaitwa Kidani Village, migahawa inaitwa Boma, Jiko na Sanaa. Asubuhi nimefungua pazia, twiga kasimama hapo chini anatafuna majani, na nikaona fahari kwamba lugha ya mama yangu imeandikwa milangoni. Lakini kilichonikalisha niandike ni bei.

Nina kadi ya mwaka ya kuingilia Walt Disney World, bustani za burudani za Disney huku, ile ya chini kabisa, Pixie Dust, wanayouziwa wakazi wa Florida peke yao. Nailipa kidogo kidogo kila mwezi, bila riba. Wikiendi hainiingizi, sikukuu kubwa hainiingizi. Ila ofa ya vyumba ikitoka, mwenye kadi anapunguziwa. Nilifungua tovuti, nikachagua tarehe, nikaona bei ya kila mtu na chini yake bei yangu, pungufu kwa robo. Kodi ya asilimia 12.5 nayo imeandikwa palepale. Mapokezi wakaangalia kadi na kitambulisho, wakanipa chumba. Sikumpigia mtu simu.

Hapo ndipo moyo uliponiuma.

Mwaka jana nilikuja nyumbani, nikataka mama apumzike siku mbili ufukweni. Jina la hoteli silitaji. Nikauliza bei, nikatajiwa dola, mimi Mtanzania, kwa Kiswahili changu kilekile. Nikauliza bei ya mkazi. Dada wa mapokezi akatazama kompyuta, akatazama mlango wa ofisi, akasema, "Labda uongee na meneja." Meneja hayupo. Binamu yangu akampigia rafiki yake, rafiki akampigia meneja, na baada ya nusu saa bei ikashuka karibu nusu. Mama amekaa kwenye kiti cha plastiki muda wote huo, mkoba mapajani, kila dakika ananiuliza kama tumekataliwa.

Najua mtakachosema. "Huyu kaenda juzi tu, leo anatufundisha." Mwingine atasema huko kwenu kila kitu ni biashara, hata twiga. Sawa, ni biashara. Vyumba vya ofa ni vichache, vikiisha vimeisha hata ukilia, na bila punguzo nisingelala pale. Sisemi Marekani ni peponi. Nasema aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, mwenye kadi kama yangu, kwa ofa ileile, hahitaji binamu.

Na msiniambie kujuana ndiyo undugu wetu. Undugu ni kumsindikiza mgonjwa, ni kuchangia msiba. Bei inayojulikana na meneja na rafiki wa binamu si undugu. Asiye na binamu analipa kamili, na mara nyingi ndiye mwenye kidogo kuliko wote.

Tena tunaweza, ndiyo maana nakasirika. Geti la Serengeti, raia wa Afrika Mashariki anaonyesha kitambulisho, analipa kwa shilingi. Mgeni analipa zaidi kwa mbali. Viwango vimetangazwa, hakuna anayemtafuta mkuu wa hifadhi. Disney huku Florida wamejenga hadi kijiji cha kuigiza cha Kiafrika ndani ya bustani yao, tangu 1998, wakakiita Harambe, na safari ya magari wakaiita Kilimanjaro. Mlima wenyewe tunao sisi. Tumeshindwa tu kubandika karatasi moja ukutani mapokezi.

Desemba nakuja tena na mama anataka bahari. Nimeandikia hoteli tatu, nikaomba bei ya mkazi kwa maandishi. Moja imejibu: "Karibu sana kaka, piga simu tuongee."

Sitaki kuongea. Nataka kuiona bei.