Niuzie Kifuniko, Kikombe Baki Nacho

Naomba kuuliza, na nisieleweke vibaya: hawa wanaotengeneza vithemosi vya kwenda navyo kazini, wao wenyewe huenda kazini na usafiri gani? Maana si daladala. Mtu aliyewahi kupanda gari la Gongo la Mboto alfajiri, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umekumbatia begi, na kiwiko cha mtu asiyemjua kimetua shingoni, hawezi kutengeneza kikombe kinachofunguka kwa kubonyeza. Kwenye daladala kila kitu kinabonyezwa. Hata mimi nabonyezwa.

Kithemosi changu cha kwanza nilipewa semina. Semina mnazijua: mfuko wa nguo, kalamu inayoandika siku hiyo hiyo tu, daftari lenye nembo, na kithemosi. Kwa nje kilikuwa mtanashati, rangi ya fedha, jina la mradi limezunguka kiunoni. Juu yake kifuniko chenye kidude cha kubonyeza. Tulipofika Tazara konda akaanza wimbo wake, "Sogea nyuma, nyuma peupe!", nyuma ambako hata pumzi zilikuwa zinapeana zamu. Watu wakasogea. Mama mmoja mwenye ndoo akaniegemea, na mimi nikasikia joto linashuka kwenye paja.

Mwanaume wa umri wangu akisikia joto la ghafla maeneo yale, ndani ya gari lenye watu, anachoomba kwa Mungu ni kimoja tu: iwe chai.

Ilikuwa chai. Ya tangawizi na iliki. Begi lilikuwa na faili, kwa sababu mimi ni karani wa masjala na siku hiyo nilikuwa natakiwa kulifikisha faili ofisi nyingine. Likafika na duara la kahawia juu ya dokezo. Mkubwa akasaini pembeni ya duara bila kusema neno. Nadhani alidhani ni muhuri.

Mama watoto alipoiona suruali hakuniuliza kama nimeungua. Aliniuliza, "Kwani baba, ukinywa chai hapa hapa kabla hujatoka utapungukiwa nini?" Saa kumi na moja alfajiri, mama! Saa hiyo tumbo langu bado limelala, na ukiliamsha kwa nguvu linalipa kisasi mbele ya safari, penye foleni na pasipo choo. Na chai ya ofisini ilishaondolewa zamani kwa jina la kubana matumizi. Limebaki jagi la umeme pale mapokezi, nalo lina mwenyewe, na mwenyewe hapendi mazoea.

Basi nikaenda Kariakoo kutafuta kithemosi cha maana.

Mtaa wa Kongo ukionekana unatafuta kitu, kitu kinakutafuta wewe. Kijana akanidaka begani: "Mzee baba, hii orijino, stenlesi 304, inakaa na moto saa 24." Akatoa kisumaku mfukoni, akakibandika kwenye kikombe, kikaanguka. "Umeona? Hakishiki. Orijino hiyo!" Watu waliokuwa wamesimama wakatikisa vichwa kwa kuridhika, maana sayansi imefanyika mbele yao.

Sasa mimi nina mtoto yuko kidato cha sita, anasoma kemia, na ada zile ndugu zangu lazima nizitumie mahali. Alishanieleza. Hiyo 304 ni chuma kilichochanganywa na kromiamu kama asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi. Iko nyingine inaitwa 201, nikeli wameipunguza wakaongeza manganizi, ndiyo bei nafuu na ndiyo inayowahi kushika kutu. Na sumaku haing'ang'anii 304, wala haing'ang'anii 201! Kinachong'ang'aniwa zaidi na sumaku ni chuma cha kawaida. Kwa hiyo alichonithibitishia yule kijana ni kwamba hajaniletea bati.

Nikamwambia, "Mwanangu, lete maji ya moto tujaribu." Akaniangalia. "Mzee, hapa tunauza vyombo. Chai ni kule kwa mama ntilie."

Bahati ikapita. Muuza kahawa, anagonga vikombe vyake, dele mkononi na makaa yake chini. Nikanunua maji ya moto badala ya kahawa, akanishangaa ila hela akapokea. Nikayamimina kwenye kithemosi, nikafunga, nikaweka kiganja kwa nje na kusubiri. Kithemosi cha kweli kina kuta mbili, na katikati hewa imenyonywa pakabaki ombwe; joto halina pa kukanyaga, kwa hiyo nje panabaki baridi. Kile cha saa 24, kabla hata muuza kahawa hajamaliza kunirudishia chenji, nje kilikuwa kinafaa kunyooshea shati. Kuta zilikuwa mbili kweli. Katikati walikuwa wamefungia hewa ya kawaida ya huko kilikotoka.

Muuza kahawa akacheka, akatikisa dele lake. "Mimi huyu moto wangu uko chini hapa, mzee. Haunidanganyi."

Lakini hata ukipata chenye ombwe la haki, usishangilie, geuza macho juu. Wauzaji wote wanasifia mwili: rangi, stenlesi, mchoro wa mlima wenye theluji ambao si hata Kilimanjaro. Hakuna anayesifia kifuniko. Na joto la kithemosi kizuri linatorokea hapo hapo juu, chai nayo inatorokea hapo hapo, na uchafu unajificha hapo hapo. Kifuniko cha kubonyeza, kataa. Cha kuteleza, kile kidirisha cha kusukuma kwa kidole, kazi yake ni kuzuia inzi tu. Kinachofaa ni cha kuzungusha, chenye mpira wa silikoni kwa ndani, na mpira wenyewe uwe unatoka.

Hapo kwenye kutoka naomba mnisikilize vizuri. Kuna dada wa uhasibu alikuwa analalamika chai yake ina harufu, akabadilisha majani, akabadilisha sukari, akaanza kumshuku muuza maziwa. Nikamwambia lete hicho kifuniko. Nikachomeka ncha ya kijiti cha meno chini ya mpira, nikauvuta. Ulitoka na utelezi wa kijivu, na chini yake kwenye kile kimfereji kulikuwa na utando wa maziwa ya tarehe ambazo nisingependa kuzitaja, umeota na vidoa vyeusi. Dada aliweka mkono mdomoni akatoka nje. Tuliloweka kwenye maji ya moto na siki, tukasugua kwa mswaki mkuukuu. Na chai ya maziwa kwenye kithemosi ina masharti yake: ikishapoa ikawa vuguvugu halafu ikakaa hadi mchana, wadudu wa maziwa wanazaana humo kwa raha zao zote. Ya rangi inavumilia. Mimi nimehamia ya rangi, ingawa roho bado iko kwenye maziwa.

Kijana wa TEHAMA yeye ana lile dude la kisasa, lina mkono na mrija, linachukua lita moja na ushee. Akilinyanyua kunywa, kikao kizima hatumuoni uso. Nilimuuliza chai ya moto unainywaje kwa mrija? Akasema humo ni maji ya barafu, mzee. Basi hilo ni ndoo, nikamwambia, tusichanganye mambo. Ndiye aliyenipa historia ya kithemosi, kwa kejeli. Eti chombo hiki alikibuni mwanasayansi Mskoti, James Dewar, mwaka 1892, wala hakuwa na habari na chai. Alitaka kuhifadhi gesi zilizopozwa hadi kuwa kimiminika. Hakukisajili kiwe haki yake. Wajerumani wakakiona kinafaa kwa chai, mwaka 1904 wakafungua kampuni, wakakiita Thermos. Mzee wa watu akaenda mahakamani na akashindwa. Kumbe toka mwanzo hiki kitu kinamwagikia watu.

Sasa nimepata changu. Nilikipata mtaa wa Narung'ombe, hapo hapo Kariakoo, kwa mzee mmoja asiyeita wateja. Kifuniko cha kuzungusha, mpira unatoka, mdomo mpana mkono unaingia kuosha, na nje ukikishika ni baridi hata kikiwa kimetoka kujazwa. Mama watoto anakitia kwanza maji ya moto kukipasha, anayamwaga, ndipo anaweka chai. Nimekilaza kwenye begi, nimekikalia, konda amekikanyaga. Kikavu.

Na hapo ndipo lilipoanza tatizo jipya, maana mimi sina bahati ya tatizo kuisha. Hakipoi! Naweka chai saa kumi na moja alfajiri, nafika mezani saa mbili nikiwa na njaa ya haki, nafungua, napiga funda la kwanza, ulimi kwaheri. Mwaka 2016 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, IARC, ilitoa tahadhari juu ya vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwamba huenda vinaleta saratani ya umio. Mimi sina kipimajoto masjala, lakini ile yangu nina wasiwasi nayo. Zamani nilikuwa nakunywa chai ya baridi nikilalamika. Siku hizi naangalia chai ya moto nikilalamika.

Kwa hiyo jana nikaona nitumie akili. Nikafungua kifuniko, nikakiacha kithemosi wazi mezani kipumue, mvuke unapanda, tangawizi imetanda masjala nzima. Mlango ukafunguliwa. Mkubwa.

"Mzee wetu, leo umejipanga! Ni ya tangawizi hii?"

"Ya tangawizi, bosi. Karibu." Sasa ningesema nini? Si ndiyo adabu?

Akakinyanyua, akanusa, akafumba macho, akaangalia saa. "Niko na kikao cha bajeti, ngoja niende nacho." Akatoka. Na vikao vya bajeti mnavijua, kwanza hufunguliwa kwa utambulisho.

Mimi nikabaki na kifuniko mkononi. Kizuri kweli. Hakivuji hata tone.